Mishipa Inayotokeza Tumboni: Si ya Kupuuzwa wala Kuchanjwa

Neno "mshipa" lina maana nyingi katika Pwani, na wingi huo wa maana huweza kumchelewesha mgonjwa. Mtu wa Malindi au Takaungu asemapo kwamba ana mshipa, huenda ana ngiri, au busha, au maumivu ya kiuno, au ukano uliokazana. Na pengine ana maana ya njia ya damu hasa. Basi afikapo katika zahanati akasema, "Nina mshipa wa tumbo," mwuguzi aweza kudhani kwamba ni ngiri, akamwandikia siku ya kuonana na mpasuaji bila hata kumwambia avue shati. Makala haya yanahusu mshipa wa maana ile ya mwisho, yaani njia za damu zinazovimba na kuonekana juu ya ngozi ya tumbo, hasa kuzunguka kitovu, mfano wa kamba au nyoka wadogo waliojikunja. Mishipa hiyo si ugonjwa wenyewe. Ni dalili, na mara nyingi ni dalili kwamba ini limekuwa likiharibika kwa muda mrefu.

Madaktari wa Ulaya waliipa jina la "kichwa cha Medusa", wakimkumbuka mwanamke wa hadithi za Wayunani wa kale ambaye nywele zake zilikuwa nyoka. Jina hilo lafaa vitabuni, walakini lisimpoteze mtu, kwa maana mgonjwa mwenye nyoka wote hao kamili haonekani mara nyingi. Aghalabu huonekana mishipa miwili mitatu tu, iliyopanda kutoka kitovuni kuelekea kifuani au kushuka kuelekea kinena. Tena juu ya ngozi nyeusi ile rangi ya buluu inayotajwa vitabuni huenda isionekane kabisa. Kinachoonekana ni uvimbe mrefu kama ugwe chini ya ngozi. Hutambulikana vizuri zaidi mgonjwa akisimama, na taa ikiwekwa ubavuni pake ili mshipa utupe kivuli.

Wala si kila mshipa unaoonekana ni wa kutia hofu. Mtu mwembamba, kama vile mvuvi au mchukuzi asiye na mafuta chini ya ngozi, huonyesha mishipa yake. Na mama mja mzito pia, kwa kuwa ngozi ya tumbo imevutika na damu yake imeongezeka. Mishipa ya namna hiyo ni myembamba, imelala, wala hainenepi upesi. Ya kuhofiwa ni ile iliyopindapinda na kutuna kwa mtu ambaye hapo kwanza hakuwa nayo, hasa ikifuatana na tumbo kujaa maji (hali ambayo wazee wa Pwani waliiita istiska), au miguu kuvimba, au macho kuwa ya manjano, au mkojo kuwa na rangi ya chai, au mabega na mikono kukonda huku tumbo likizidi kukua. Mwanamume huenda akaona matiti yake yanakua kama ya msichana, akaona haya kumwambia mtu. Hiyo nayo ni dalili ya ini, na daktari hataicheka.

DAMU ILIYOKOSA NJIA

Damu inayotoka katika tumbo la chakula, matumbo na bandama hairudi moyoni moja kwa moja. Kwanza hukusanywa katika mshipa mmoja mkubwa na kupelekwa kwenye ini, lililo chini ya mbavu za upande wa kuume. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na kila dakika hupitisha damu kiasi cha lita moja na nusu. Kadiri ya robo tatu ya damu hiyo huja kwa mshipa huo utokao matumboni. Hapo ndipo chakula kilichosagwa hupokewa na kutengenezwa, na sumu nyingi huvunjwa, pombe ikiwa mojawapo. Ini lenye afya ni laini, na damu hupenya ndani yake bila shida. Likiumizwa mwaka baada ya mwaka hufanya makovu, kama kidonda cha mguuni kinavyoacha kovu gumu. Makovu yakizidi, ini huwa gumu lenye vinundu, na hali hiyo huitwa sirosisi. Damu huja kama kawaida, lakini njia imebana.

Wenyeji wa kando ya Mto Sabaki watafahamu upesi linalofuata. Mvua kubwa ya bara ikinyesha, na mto ukashuka umejaa udongo mwekundu, maji yasiyotoshwa na mkondo wake huingia katika kila bonde na kila mfereji, hata mifereji ya zamani ambayo watu walikwisha kuisahau. Ndivyo ifanyavyo damu. Na mfereji wa zamani katika mwili wa binadamu ni ule wa kitovu. Mtoto awapo tumboni mwa mama yake hupokea damu kutoka katika kondo la nyuma kwa mshipa upitao kitovuni mpaka kwenye ini. Akizaliwa, kitovu kikakatwa, mshipa ule hujifunga na kubaki kama ukamba usio na kazi. Huenda ikapita miaka arobaini au hamsini. Kisha ini likibana, njia ile pamoja na mishipa midogo iliyo kandokando yake hufunguka tena. Damu hutoka kwenye ini, hufika kitovuni, na kutawanyika chini ya ngozi ikitafuta njia nyingine ya kurudi moyoni. Hiyo ndiyo mishipa inayoonekana.

Kama mambo yangaliishia hapo, hatari isingalikuwa kubwa, maana mishipa ya ngozi ya tumbo ni nadra kupasuka yenyewe. Lakini mafuriko hayachagui mfereji mmoja. Damu ile ile hujisukuma katika mishipa myembamba ya umio, karibu na mlango wa tumbo la chakula, mahali ambapo hakuna jicho liwezalo kuiona kwa nje. Mishipa hiyo haikuumbwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Huvimba, kuta zake huwa nyembamba, na siku moja hupasuka. Mtu aliyekuwa sokoni asubuhi hutapika damu nyingi jioni, au huenda choo cheusi chenye kunata kama lami. Huyo si mgonjwa wa kungojewa hata kupambazuke. Apelekwe hospitali usiku ule ule. Alazwe ubavu njiani asije akapaliwa na damu. Asipewe chakula wala dawa ya kunywa. Na ndugu wawili watatu wenye afya waende pamoja naye, kwa kuwa huenda akahitaji kuongezewa damu.

Kwa hiyo faida ya mishipa ya kitovuni, kama inaweza kuitwa faida, ni kwamba inaonekana. Inamwambia mtu kuwa ile mingine isiyoonekana huenda nayo imekwisha kujaa, na kwamba bado ana nafasi ya kwenda kwa daktari kabla haijapasuka.

VIDOLE VIWILI VYA DAKTARI

Daktari aonapo mishipa hiyo hujiuliza damu inakwenda upande gani. Mwaka 1628 daktari Mwingereza, William Harvey, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba damu huzunguka mwilini, na mojawapo ya njia alizotumia ilikuwa kubana mishipa ya mkono kwa vidole tu. Vidole hivyo vingali na kazi hata leo. Daktari huweka viwili, vikiwa vimeshikana, juu ya mshipa ulio chini ya kitovu. Huvitenganisha huku akibana ili kipande cha katikati kiishe damu. Kisha huinua kimoja na kutazama kama mshipa unajaa upesi. Hurudia tena kwa kuinua kile cha pili. Damu ikiwa inatoka kitovuni na kushuka, jambo hilo lapatana na ugonjwa wa ini. Ikiwa inapanda kutoka kinenani kwenda juu, huenda ini halina kosa, bali mshipa mkubwa unaorudisha moyoni damu ya miguu umezibwa mahali fulani, na matibabu yake ni mengine kabisa. Kipimo hiki hakigharimu hata senti moja, na chaweza kufanywa katika zahanati yo yote ya mashambani. Baadaye hufuata vipimo vya damu na altrasaundi, ili ijulikane ini likoje, bandama imekua kiasi gani, na kama kuna maji. Vipimo hivyo ni vya lazima, kwa sababu tumbo hujaa maji pia kwa kifua kikuu cha tumbo, kwa ugonjwa wa moyo, na kwa saratani.

INI HUHARIBIWA NA NINI

Katika sehemu za minazi, kama Kaloleni na Rabai, jambo la kwanza kutajwa na watu ni tembo. Ni kweli kwamba pombe ni adui mkubwa wa ini. Tembo likigemwa asubuhi ni tamu na halina ukali. Likikaa kutwa huchachuka na kuwa pombe kamili. Na achukuliwe kwa mfano mgema ambaye kila siku huonja kila kibuyu kabla ya kukiuza: kuonja kwa miaka ishirini si kuonja tena, na huenda yeye mwenyewe hajajihesabu kamwe kuwa mnywaji. Chang'aa, kwa kuwa imekenekwa, humfikisha mtu huko upesi zaidi.

Hata hivyo si haki kumdhania kila mgonjwa wa ini kuwa ni mlevi. Wako akina mama wasiojua ladha ya tembo, na wako mashehe na wazee wa kanisa wasiogusa pombe tangu kuzaliwa, ambao huugua vile vile. Aibu ya kudhaniwa mlevi ni sababu moja inayomfanya mtu akae nyumbani, akalifunika tumbo lake kwa kanzu pana au leso mbili, hata siku ya kutapika damu.

Sababu kubwa isiyo na uhusiano na ulevi ni virusi vya homa ya ini aina ya B. Virusi hivyo viligunduliwa katika miaka ya 1960 kwa kazi ya Baruch Blumberg wa Marekani, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Hukaa katika damu na maji mengine ya mwili. Hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, na baina ya watoto wadogo. Hupita kwa njia ya zinaa, na kwa wembe au sindano iliyotumiwa na watu wawili. Jambo la kushangaza ni umri. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda virusi. Mtoto mchanga akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, watoto kama tisa katika kumi hubaki navyo maisha yao yote, wala hawaoni dalili mpaka ini limekwisha kuwa na makovu. Nchini Kenya chanjo dhidi ya virusi hivyo imekuwa ikitolewa kwa watoto wote tangu mwaka 2001, ndani ya sindano moja ya magonjwa matano, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Basi mwenye kuzaliwa kabla ya hapo huenda hakupata kinga hiyo, naye yafaa aombe kupimwa damu, hasa kama mama yake au ndugu yake ana ugonjwa wa ini. Akikutwa na virusi, ziko dawa kama tenofoviri zinazovizuia visiendelee kuliharibu ini.

Kuhusu kichocho, yafaa maneno yawe wazi. Mtu wa Pwani akisikia kichocho hufikiri mkojo wa damu, wala hakosei, kwa kuwa kichocho cha huku ni kile cha kibofu. Kiko kingine cha matumbo, kinachopatikana kando ya Ziwa Victoria, katika mashamba ya mpunga ya Mwea, sehemu za Machakos na Makueni, na Taveta. Minyoo yake huishi katika mishipa ya damu ya matumbo, na mayai yake huchukuliwa na damu mpaka kwenye ini na kuacha makovu huko. Mkazi wa Kilifi aliyefanya kazi miaka kadhaa katika sehemu hizo, akilima mpunga au akivua samaki, kisha akarudi kwao, na amwambie daktari habari hiyo bila kuulizwa, maana kichocho hicho si cha kutarajiwa huku. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo, na ikitolewa mapema ini huweza kupata nafuu kubwa.

Kuna pia kuvu ya mahindi na karanga. Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyoingia sumu ya aflatoksini, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 walikufa. Hiyo ilikuwa sumu nyingi kwa mara moja. Kiasi kidogo kwa miaka mingi hakileti kishindo, lakini kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini B huongeza sana hatari ya saratani ya ini. Hewa ya Pwani ina unyevu. Mahindi yasiyokauka sawasawa yasitiwe ghalani, na yaliyoota kuvu yasisagwe kwa kusema kwamba moto utaondoa sumu. Moto wa jikoni hauiondoi.

WEMBE, PEPO NA CHUMVI

Mishipa ikionekana kitovuni, aghalabu hatokosekana jirani wa kushauri chale. Husema kwamba damu mbaya imekusanyika, itolewe kwa wembe au iumikwe kwa chuku. Ushauri huo unaeleweka, kwa kuwa mtu aona uvimbe na kutaka kuupunguza. Lakini damu iliyomo si mbaya. Ni damu ya mgonjwa mwenyewe iliyokosa njia, tena imesukumwa kwa nguvu. Na ini lililoharibika hushindwa kutengeneza vitu vinavyogandisha damu, hata jeraha dogo likakataa kukauka. Zaidi ya hayo, wembe ule ule ukipita kwa mtu mwingine hupeleka virusi. Ajabu ya lugha ni kwamba neno moja, kuchanja, limebeba mambo mawili: kuchanja kwa sindano katika kliniki kunakolinda ini, na kuchanja kwa wembe kunakoweza kuliambukiza.

Tena mgonjwa wa ini huweza kubadilika akili. Hulala mchana na kukesha usiku, husahau majina ya watoto wake, huweweseka, mikono yake hutikisika. Nyumbani husemwa ameingiwa na jini, na ngoma huandaliwa. Kwa kweli ni sumu ambazo ini limeshindwa kuzisafisha, nazo zimefika katika ubongo. Mara nyingi huanzishwa na kufunga choo, au damu inayovuja ndani, au homa. Hospitali hutafuta chanzo hicho na kumpa dawa ya kulainisha choo, na wengi hurudiwa na akili zao kwa siku chache. Siku hizo zikipotezwa nyumbani, huenda zisirudi.

Wako pia waogopao kutolewa maji tumboni, kwa kusema kwamba fulani alitolewa maji akafa. Fulani huyo aghalabu alifika amechelewa. Maji hutolewa kwa sindano safi, na kidogo chake hupimwa kujua kama yana vijidudu, maana yakiingia vijidudu huua upesi: mgonjwa mwenye tumbo la maji akipata homa au maumivu ya tumbo, na aende siku ile ile. Maji hurudi kama chanzo hakikutibiwa, na kwa hiyo hutolewa pia vidonge vya kukojoza. Kwa ile mishipa ya umio, katika hospitali kubwa daktari humpitishia mgonjwa mpira mwembamba wenye taa kinywani, akaiona na kuifunga kwa vipete vidogo vya mpira. Wengine hupewa vidonge vya kupunguza nguvu ya damu. Makovu ya zamani hayafutiki yote, lakini mwenye kuacha pombe kabisa, au kutumia dawa ya virusi bila kukosa, huweza kuishi miaka mingi, na ini lake likapata nafuu.

Katika chakula, jambo zito kwa mtu wa Pwani ni chumvi. Chumvi huyashika maji mwilini. Ng'onda, papa mkavu na achari vitamrudishia mgonjwa tumbo lile lile alilotolewa maji juma lililopita. Apikiwe samaki wabichi, kwa tui, ndimu na ukwaju badala ya chumvi. Wala asinyimwe samaki, mayai au kunde kwa kudhani kwamba ini halitaviweza. Mgonjwa huyu hukonda misuli, na chakula hicho anakihitaji, tena ni vizuri ale kidogo kabla ya kulala. Chaza na kombe wasioiva asile kabisa, kwa kuwa huwa na vijidudu vya bahari ambavyo kwa mwenye ini bovu huingia katika damu na kuua. Dawa za maumivu za dukani, kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, humtoa damu na kuharibu figo zake. Na hata parasetamoli asiinywe kwa kukisia.

Mwenye kwenda hospitali achukue kila dawa aliyokuwa akiitumia, ya dukani na ya mitishamba, hata kama ni mizizi iliyofungwa katika kitambaa, aiweke mbele ya daktari. Aseme ukweli juu ya tembo, kwa vibuyu au chupa ngapi kwa siku. Aseme alikokaa na kazi alizofanya. Na akiulizwa ugonjwa wake, asiseme "mshipa" akanyamaza, bali avue shati na kuonyesha.